Maziwa mawili, jina moja: kisa cha ukurasa mmoja wa wiki ya bidhaa

Ukurasa wenyewe, wa wiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wanaweza kuihariri wenyewe, ulikuwa mfupi: jina la maziwa ya unga, picha ya pakiti na aya nne. Aya ya kwanza ilisema haya ni maziwa kamili ya ng'ombe yaliyokaushwa. Aya ya tatu ilisema si maziwa kamili, mafuta yake yametoka kwenye mawese. Mhariri mmoja aliifuta aya ya tatu, mwingine akairudisha, wa kwanza akaifuta tena na kuandika kwenye muhtasari wa uhariri, "Acheni uzushi, nina pakiti mkononi." Aliyeirudisha naye akajibu kwamba ana pakiti mkononi. Historia ya ukurasa ikajaa kufuta na kurudisha. Msomaji wa asubuhi alipata jibu moja, wa jioni akapata lingine.

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu watu wengi wanaotaka kuwapa walaji wa hapa nyumbani taarifa za bidhaa huanza kwa kuchora jedwali, na sisi tumeona kwa macho yetu jedwali likiificha kweli ambayo maandishi ya kawaida, pamoja na ubishi wake wote, yalikuwa yameshaifichua.

Wiki ninayoizungumzia ni ndogo. Inahaririwa na watu wa Dar es Salaam wa kila aina: wenye maduka wa Mwananyamala na Tandale, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, vijana wanaosoma kompyuta chuoni, na akina mama wanaonunua kwa Mangi kila siku na wanaotaka kujua wanachokinunua. Mimi ni mmoja wa wahariri. Jina la maziwa silitaji, kwa kuwa mwenye kiwanda hakuvunja chochote hapa. Pakiti zake ziliandikwa ukweli.

Swali lililotufikisha kwenye ukurasa ule lilitoka kwa mama mmoja wa Manzese. Mwanawe alikuwa ameshavuka mwaka, anakula uji, na yeye alikuwa akiutia maziwa hayo. Jirani akamwambia yale si maziwa. Akauliza kwa ufupi: ni maziwa au si maziwa? Pesa ya maziwa katika nyumba nyingi za mji huu hukatwa kwenye kitu kingine, kwa hiyo swali lake lilistahili jibu lisilobadilika kati ya asubuhi na jioni.

Pakiti mbili kwenye kaunta

Aliyetuonyesha njia ni mama mwenye duka Mwananyamala. Hajawahi kuandika zaidi ya sentensi mbili kwa mara moja, tena kwenye ukurasa wa majadiliano tu. Katikati ya ubishi aliandika: "Haya siyo yale. Jina moja, pakiti mbili." Hakujibiwa, hadi kijana mmoja wa kompyuta alipokwenda dukani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimewaandikia, mbona hamsomi?" Akashusha pakiti mbili kutoka rafuni, akazilaza kwenye kaunta. "Soma hapa chini. Hapo juu kila mtu anasoma."

Juu palikuwa na jina la biashara kwa herufi kubwa, rangi ile ile, picha ya glasi ile ile. Chini, kwa herufi ndogo za Kiingereza, pakiti moja ilisema ni maziwa ya unga yasiyoondolewa mafuta. Nyingine ilisema ni mchanganyiko wa unga wa maziwa yaliyoondolewa mafuta pamoja na mafuta ya mboga. Hii ya pili bei yake ilikuwa chini, na mama mwenye duka alikuwa amegundua tofauti kwa njia ya kibiashara kabisa: wateja wake wa chai waliikubali, ila wateja wawili watatu wanaotengeneza mtindi nyumbani waliirudisha.

Hizi ni bidhaa mbili halali, kila moja na kiwango chake. Codex Alimentarius, mfumo wa viwango vya chakula ulio chini ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), una kiwango namba 207 cha mwaka 1999 kwa maziwa ya unga, na namba 251 cha mwaka 2006 kwa mchanganyiko wa maziwa yaliyoondolewa mafuta na mafuta ya mboga katika hali ya unga. Maziwa ya unga yasiyoondolewa mafuta yanatakiwa yawe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 26 na yasiyofika asilimia 42. Mchanganyiko, ile aina yake ya kawaida, unatakiwa uwe na mafuta kwa jumla yasiyopungua asilimia 26 vilevile. Protini inayotakiwa ni ile ile kwa yote mawili, isiyopungua asilimia 34 ya sehemu kavu ya maziwa ukiacha mafuta.

Sababu ya kuwapo kwa huo mchanganyiko ni hesabu tu. Mafuta ya maziwa ni ghali, yanauzika peke yake kama siagi. Kiwanda kikiyatoa na kuweka mawese mahali pake, unga unashuka bei, na mtu wa kipato cha chini anapata protini ya maziwa kwa pesa kidogo. Sioni aibu katika hilo. Aibu ingekuwa mnunuzi asijue. Na kuna sehemu moja ambapo kutojua kunadhuru: mtoto mchanga. Kiwango cha mchanganyiko kinaagiza kabisa kwamba pakiti ionye kuwa bidhaa hiyo haifai kuchukua nafasi ya maziwa maalumu ya watoto wachanga. Muuguzi wetu aliongeza kwamba kwa mtoto wa chini ya miezi sita hata yale maziwa ya unga kamili hayafai, ushauri wa WHO ni maziwa ya mama peke yake. Onyo la kwenye pakiti lipo, kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa lugha ambayo bibi anayelea mjukuu haisomi.

Turudi kwenye wiki. Ukisoma vile viwango viwili kwa makini unaona jambo ambalo ndilo lililotuangusha: namba zinafanana. Pakiti zote mbili za pale kaunta ziliandika gramu 28 za mafuta kwa kila gramu 100. Kinachozitofautisha hakimo kwenye namba. Kimo kwenye swali la mafuta hayo yametoka wapi.

Jedwali lililonyamazisha watu

Kabla ya safari ile ya dukani, vijana wa kompyuta walikuwa wamependekeza dawa ya ubishi. Maandishi yanaleta maneno, walisema, tuweke visanduku: jina, uzito, mafuta, protini, sukari, bei, nchi ya kiwanda. Atakayetaka kubishana abishane na namba. Pendekezo likapita, ukurasa ukageuzwa, aya nne zikawa jedwali.

Ubishi ulikwisha siku hiyo hiyo. Mwenye pakiti ya maziwa kamili alifungua akakuta mafuta 28, akatazama pakiti yake, 28, akaridhika. Mwenye pakiti ya mchanganyiko akafanya vivyo hivyo. Hapakuwa tena na mahali pa kuandika "haya siyo yale". Aya ya tatu, ambayo kwa ukali wake wote ndiyo iliyokuwa imebeba taarifa aliyoihitaji yule mama wa Manzese, iliondoka na haikuacha kisanduku. Data zilikuwa safi, sahihi kwa kila namba, na hazikuwa na faida kwa aliyeuliza.

Jedwali hujibu maswali ambayo mchoraji wake alikwisha kuyafikiria. Maandishi ya wiki humruhusu mtu ambaye hakushirikishwa kwenye kuchora, mwenye duka kwa mfano, kuleta swali ambalo hakuna aliyelifikiria. Ukiondoa maandishi mapema, umeondoa mlango ambao maswali hayo huingilia. Na ukiyaacha maandishi peke yake, swali linaingia kweli lakini linabaki kuzunguka kwenye kufuta na kurudisha, kwa sababu hakuna mahali linapoweza kukaa na kutulia.

Kazi ya kuviunganisha hivi viwili si mpya, na haikuhitaji tubuni chochote. Ward Cunningham alifungua wiki ya kwanza mwaka 1995, na tangu hapo wiki zimekuwa za maandishi. Mwaka 2005 Markus Krötzsch, Denny Vrandečić na wenzao waliokuwa Karlsruhe, Ujerumani, walianza Semantic MediaWiki, nyongeza ya programu ile ile inayoendesha Wikipedia. Wazo lake linafaa sana kwa watu kama sisi: unaandika sentensi ya kawaida, na ndani ya sentensi hiyo unaitia alama taarifa unayotaka mashine iielewe, mathalani [[chanzo cha mafuta::mafuta ya mboga]]. Msomaji anaona sentensi. Mashine inaona kisanduku kilichojazwa. Mwaka 2012 ikaja Wikidata, hifadhidata dada ya Wikipedia, Vrandečić akiwa kiongozi wa mradi, na huko mpangilio uligeuka: data zinakaa kwanza, maandishi yanazichota. Freebase, iliyojaribu jambo la karibu na hilo kabla yake, ilinunuliwa na Google mwaka 2010 na kufungwa mwaka 2016.

Kwa bidhaa za chakula mfano ulio karibu zaidi ni Open Food Facts, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2012 na Stéphane Gigandet. Mtu yeyote anapiga picha ya pakiti, orodha ya viambato na jedwali la lishe, anaingiza, na mwingine anasahihisha. Ufunguo wake ni msimbopau, ile mistari myeusi na tarakimu 13 chini yake. Kwetu sisi hapo ndipo palipokuwa na somo kubwa, kwa sababu ukurasa wetu ulikuwa umefungwa kwa jina la biashara, na jina la biashara lilikuwa linashikilia bidhaa mbili kwa pamoja.

Kisanduku kinachozaliwa na ubishi

Tulichofanya kwanza ni kurudisha aya zote nne kutoka kwenye historia ya ukurasa. Hilo ni jambo zuri la wiki, hakuna kinachopotea. Kisha tukauliza kwa kila sentensi iliyowahi kufutwa: aliyeiandika na aliyeifuta wanabishania nini hasa? Jibu la ubishi mkubwa lilikuwa chanzo cha mafuta. Basi hicho kikawa kisanduku, chenye majibu manne yanayokubalika: mafuta ya maziwa, mafuta ya mboga, yote mawili, haikuandikwa. Ubishi wa pili, mdogo zaidi, ulihusu kama ni "maziwa", na ukazaa kisanduku cha jina kamili la bidhaa kama lilivyo kwenye herufi ndogo, kwa lugha yake, likiwa na tafsiri ya Kiswahili pembeni.

Tangu wakati huo hatufungui kisanduku kipya mpaka watu wawili wabishane kuhusu jambo hilo kwenye maandishi. Vijana wa kompyuta waliona ni polepole mno. Mimi natetea upole huo. Kisanduku kisicho na ubishi nyuma yake mara nyingi hubaki kitupu, na ukurasa wenye visanduku vitupu kumi na viwili humwonyesha mgeni kwamba hapa hapajui kitu.

Bidhaa ikapewa kurasa tatu: mmoja wa jina la biashara, wenye maandishi ya jumla na onyo la wazi juu kabisa kwamba kuna maziwa mawili, na kurasa mbili za pakiti zenyewe, kila moja na msimbopau wake. Kwa bahati njema namba zilikuwa tofauti. Kanuni za GS1, shirika linalosimamia namba hizo duniani, zinataka namba mpya pale mchanganyiko ulioandikwa kwenye pakiti au uzito wake unapobadilika, lakini si kila mwenye bidhaa huzifuata, kwa hiyo hatuichukulii namba kuwa ushahidi pekee.

Namba hizo zina ujuzi wake. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: unazidisha tarakimu 12 za mwanzo kwa 1 na 3 kwa kupokezana, unajumlisha, na tarakimu ya 13 ni kiasi kinachohitajika kufikia kumi inayofuata. Namba inayoanza na 620 na kufuatiwa na sifuri tisa ingetoa 6 na 6, yaani 12, na tarakimu ya mwisho ingekuwa 8. Tuliiweka hesabu hiyo ndani ya kigezo, ile fomu ya kujazia ukurasa, na sasa anayekosea tarakimu moja akiandika kwa simu hukataliwa papo hapo. Anayegeuza tarakimu mbili jirani hukamatwa pia, isipokuwa zikitofautiana kwa tano.

Kuhusu 620, kuna imani mitaani kwamba namba ikianza hivyo bidhaa imetengenezwa Tanzania. Maana yake ni kwamba namba imetolewa kupitia GS1 ya Tanzania, basi. Kiwanda kinaweza kuwa popote. Kwa sababu hiyo hatukuruhusu nchi ya kiwanda ijazwe kwa kuangalia msimbopau, isomwe pale pakiti inapotaja. Na namba zinazoanza na 2, hizo za vibandiko vya mizani ya supamaketi, ni za ndani ya duka husika, kwa wiki hazina kazi.

Chanzo na tarehe

Ingekuwa tumesimama hapo, baada ya muda tungerudi tulikotoka. Pakiti hubadilika. Uzito wa gramu 400 unashuka kimyakimya, viambato vinapangwa upya, na kila mabadiliko yanaleta mtu mwenye pakiti mkononi anayesema ukurasa unadanganya.

Wikidata ina utaratibu ambao tuliuchukua karibu kama ulivyo. Kila taarifa huko inaweza kubeba chanzo chake na maelezo ya ziada kama tarehe, na taarifa iliyopitwa haifutwi: inabaki, ikiwa imewekewa muda wake, na ya sasa inapandishwa daraja. Kwetu kila kisanduku kinadai mambo mawili kabla hakijakubali kujazwa, picha ya sehemu ile ya pakiti iliposomwa taarifa, na tarehe ya kuisha muda iliyochapwa kwenye pakiti hiyo. Tarehe ya kuhariri peke yake haitoshi, maana mtu anaweza leo kuhariri kwa kusoma pakiti iliyolala stoo.

Faida yake ilionekana kwenye kisanduku ambacho hatukukitegemea, kile cha mamlaka. Maandishi ya zamani ya ukurasa yalisema maziwa yamesajiliwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mhariri mgeni akaona ni kosa, akafuta, akaandika TBS. Mwingine akarudisha. Ukweli ni kwamba hadi katikati ya mwaka 2019 usalama wa chakula ulikuwa kwa TFDA, kisha kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka huo ukahamia Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Sentensi ya zamani ilikuwa kweli kwa wakati wake. Ilipowekwa kwenye kisanduku chenye muda, ubishi uliondoka bila mtu kushindwa.

Bei tuliitoa kabisa, na wapo waliokasirika. Bei ni habari ya duka fulani siku fulani: Kariakoo kwa jumla ni moja, Mbagala kwa rejareja ni nyingine, na ikikaa kwenye ukurasa wa pakiti inamfanya Mangi aonekane mwizi kwa kosa la kuwa mbali na Kariakoo.

Maandishi yamebaki na kazi yake, nayo ni kubwa. Kwamba maziwa ya mchanganyiko hayagandi vizuri kuwa mtindi, kwamba mama ntilie huyachanganya na maji ya uvuguvugu kwanza ili yasifanye mabonge, kwamba pakiti za aina hizi mbili huwekwa rafu moja na mteja akitaja jina tu anapewa yoyote: hayo hayana kisanduku na sitaki yapewe. Lakini namba haziandikwi tena ndani ya aya. Aya inazichota kwenye kisanduku, kwa hiyo kisanduku kikisasishwa aya inafuata, na hakuna kurasa mbili zinazopingana kuhusu gramu.

Swali gumu lilikuwa nani ajaze. Fomu iliwafukuza watu tuliowahitaji zaidi. Mama mwenye duka alijaribu kuifungua kwa simu yake, ikamla kifurushi, akaiacha. Tukarudi kwenye mlango wake wa zamani: anaandika sentensi kwenye majadiliano, au anatuma ujumbe wa sauti WhatsApp, na kijana wa zamu anaihamishia kwenye kisanduku huku akiweka kiungo cha kuirudia sentensi yenyewe. Picha za pakiti tunaomba zitumwe kama faili, kwa sababu WhatsApp ikizibana kama picha za kawaida herufi ndogo zinafifia, na herufi ndogo ndizo tunazozitafuta.

Kuna jambo la sheria pia. Wahariri kadhaa walitaka kisanduku cha "feki, ndiyo au hapana". Tulikikataa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu juu ya kuchapisha taarifa za uongo, na mbali na sheria, wiki haina maabara. Tunaandika kilichosomwa na kuonyesha picha yake. Anayeshuku bidhaa bandia tunamwelekeza Tume ya Ushindani, anayeshuku uzito Wakala wa Vipimo.

Baada ya visanduku kujazwa kwa maziwa mengine ya dukani, tuliweza kuuliza wiki nzima swali moja: nionyeshe kila pakiti yenye neno maziwa upande wa mbele na mafuta ya mboga kwenye viambato. Orodha ilitoka mara moja. Muuguzi aliichapa na kuibandika kliniki, ikiwa na picha za pakiti kwa ajili ya wasiosoma Kiingereza. Hakuna aya, hata iliyoandikwa vizuri kiasi gani, ambayo ingetoa orodha ile. Na hakuna aliyejua kwamba swali hilo linafaa kuulizwa mpaka zilipokuja zile aya zilizokuwa zikifutwa.

Maziwa ya kupima

Mama wa Manzese hakuwa amenunua pakiti. Alinunua ya kupima: Mangi anafungua mfuko wa kilo 25, anachota, anapima, anafunga kwenye kifuko kidogo. Hakuna msimbopau, hakuna herufi ndogo, hakuna tarehe. Ndivyo watu wengi wa mji huu wanavyonunua maziwa, mafuta na sabuni, na mpangilio wowote wa data unaoanza na msimbopau unawaacha nje.

Kisanduku kitupu hakikutosha hapa, kwa sababu utupu una maana nyingi. Wikidata hutenganisha hali tatu: taarifa haijaingizwa, ipo lakini haijulikani, na haipo kabisa. Tukazichukua. Maziwa ya kupima yana ukurasa wake, na kwenye chanzo cha mafuta kimeandikwa "haijulikani", kwenye msimbopau "hakuna". Hizo ni taarifa kamili, zinaonekana kwenye utafutaji, na zinamwambia mnunuzi kitu cha kweli. Maandishi ya ukurasa yanamweleza aombe kuuona mfuko mkubwa, na yanaonyesha kwa picha mahali pa kusoma. Yule mama alikwenda kwa Mangi wake akaomba. Alionyeshwa mfuko bila tatizo: ulikuwa mchanganyiko wenye mafuta ya mboga. Ameendelea kuununua kwa uji, akijua, na amemkataza dada yake mwenye kichanga asiutumie.

Kinachotushughulisha sasa ni kuzitoa data nje. Hifadhidata ya Open Food Facts iko chini ya leseni ya ODbL, inayotaka anayeitumia atambue chanzo na kuendeleza masharti yale yale. Wikidata iko chini ya CC0, isiyo na masharti. Huwezi kuchota kutoka ya kwanza ukamwaga kwenye ya pili. Kwa kuwa visanduku vyetu tulivisoma wenyewe kwenye pakiti, tuna uhuru wa kuvipeleka kote, ila kile tulichojazia kutoka kwa wengine tunakitenga, na hapo tena kisanduku cha chanzo ndicho kinachotuwezesha kujua kipi ni kipi. Kwa sasa tunatuma Open Food Facts taarifa za pakiti na picha zake.

Mafuta ya kupikia yanafuata. Ukurasa wake wa majadiliano umeshachemka: mmoja anasema mafuta yaliyoongezwa vitamini A yanauzwa kwenye chupa angavu zilizopangwa juani, na vitamini A huharibiwa na mwanga, kwa hiyo kilichoandikwa kwenye dumu si kile kinachofika jikoni. Mwenye duka wa Tandale anasema chupa zake hazikai hata siku mbili. Kisanduku chake hatujakifungua. Bado hatujui kiulize kuhusu mafuta, kuhusu chupa, au kuhusu siku.